Kiingereza cha Mguu wa Mama

Mayoni,
25 Februari 1996

Mpendwa ndugu yangu Jairus,

Mulembe. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nairobi kama sisi tulivyo wazima hapa nyumbani. Watoto wangu hawajambo. Shemeji yako Were hajambo, bado anangoja wakataji, na miwa imekaa shambani hadi imeanza kuchanua. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Mama hajambo na anakusalimu sana.

Ila mguu wake unaoza.

Alikanyaga kisiki cha muwa wiki moja kabla ya Krismasi, ile Krismasi ambayo ulisema utakuja. Kilikuwa kidonda cha kufunika kwa punje ya hindi. Sasa vidole viwili ni vyeusi. Ni ile sukari yake, inakataa kidonda kipone. Hospitali tumekwenda mara mbili, tukapewa vidonge na kuambiwa tununue bandeji.

Sikiliza basi. Kwenye zahanati ya kanisa huja daktari wa kigeni kila baada ya miezi miwili. Alikuja wiki iliyopita, nasi tulipata habari akiwa ameshaondoka. Atarudi Jumamosi tarehe 20 Aprili. Muuguzi wa pale, Muhonja, ameniambia kwamba daktari huyo ana barua za kumpeleka mgonjwa hospitali ya misheni akatibiwe kwa haraka, lakini hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Muhonja humtafsiria, lakini Muhonja ni mmoja na foleni ni ya watu mia mbili.

Kwa hiyo njoo. Wewe ndiye uliyesomeshwa. Nakuomba siku moja tu, ukae kando ya Mama umwambie huyo mtu kinachomuuma. Sikuombi kingine.

Dada yako,
Zipporah


Nairobi,
12 Machi 1996

Mpendwa dada Zipporah,

Baada ya salamu nyingi kama mchanga, napenda kukujulisha kwamba mimi ni mzima wa afya na kazi inaendelea vizuri sana. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Mwambie shemeji Were nampa pole kwa miwa.

Habari ya mguu wa Mama imenihuzunisha. Ningekuja, lakini mkubwa wetu ofisini amefuta likizo zote hadi Juni kwa sababu ya ukaguzi. Kazi ya serikali si kama jembe, dada, huwezi kuiacha ukutani ukaenda zako.

Nimefikiri, nami nimepata njia bora. Wewe una kichwa chepesi, na ulifika darasa la sita. Nitakufundisha Kiingereza kwa barua. Kiingereza cha kila siku tu, kile cha kutumia na mgeni. Daktari atapenda kusikia mgonjwa wake akiongea naye moja kwa moja.

Anza na haya, uyaseme kwa sauti kila asubuhi. "Good morning, Doctor" ni salamu ya asubuhi. "How are you?" ni habari yako. Akikuuliza hivyo, jibu ni "I am fine, thank you. And you?" Usisahau hiyo "and you", Wazungu wanaangalia sana adabu. "This is my mother" ni huyu ni mama yangu. "No problem" ni hakuna shida. "Have a good day" ni uwe na siku njema, na husemwa wakati wa kuagana.

Naambatanisha karatasi ya pili yenye maneno ya vyombo vya nyumbani na siku za wiki. Endelea kuniandikia kwa anwani ileile ya ofisini. Mike wa mapokezi huniwekea barua zangu.

Ndugu yako mpendwa,
Jairus


Mayoni,
24 Machi 1996

Ndugu Jairus,

Mulembe. Sisi wazima. Ndama mzima. Miwa bado.

Nilipomaliza kusoma barua yako niliiweka chini nikaenda kupalilia, kwa sababu kama ningekujibu saa hiyohiyo ungepata karatasi yenye matope na matusi. Nimeomba ndugu, nimeletewa orodha. Nakuambia vidole vinaoza, wewe unaniambia kijiko kwa Kiingereza kinaitwaje.

Umenikumbusha darasa la sita, basi nami nikukumbushe mengine. Niliachia hapo kwa sababu Baba alisema karo ya watoto wawili hawezi, na wewe ndiwe mvulana. Ukiwa darasa la kwanza, mvua ikinyesha, nilikuvusha mto mgongoni hadi shuleni, nikarudi peke yangu kulima. Sikulia. Nilijiambia huyu akijua, tutakuwa tumejua sote. Leo nina miaka arobaini, ninasema "good morning" kwa kuku wangu, na watoto wangu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Lakini nimejifunza, usidhani nimekataa. Nimebandika karatasi zako ukutani jikoni kwa ugali. Nikisonga obusuma nasoma mstari mmoja kila nikigeuza mwiko. Nikipalilia naiambia miwa "how are you", halafu najijibu. Mama naye amejua hiyo "fine". Anaisema akiwa amekunja uso kwa maumivu, na nashindwa kama nicheke au niupige mlango teke.

Sasa nitumie maneno yenye kazi. Mguu unaitwaje? Kuoza ni nini? Nitasemaje kwamba hajalala siku nne? Nitasemaje usaha? Hujanipa hata neno moja la ugonjwa, Jairus, na mimi siendi kwa daktari kumuuza vijiko.

Tuma upesi. Barua inachukua zaidi ya wiki, na hiyo Aprili haikungoji wewe.

Dada yako,
Zipporah


Nairobi,
9 Aprili 1996

Mpendwa dada,

Salamu tele. Mimi ni mzima kama kawaida, na kazini wananitegemea sana siku hizi. Nisamehe kwa kuchelewa.

Naona umekasirika. Hasira hasara, dada. Lugha ni ngazi, mtu hapandi kwa kurukia kipago cha juu. Maneno ya ugonjwa ni magumu, ukiyakosea daktari anaweza kukupa dawa ya kitu kingine. Muhonja atakuwepo kwa hayo. Wewe shika adabu na mazungumzo, mengine yatajileta. Kidonda ni "wound". Mguu ni "leg".

Leo nakupa sentensi za maofisini, ambazo mtu husikia kila siku. "Please wait outside" ni tafadhali ngoja nje. "Come back tomorrow" ni rudi kesho. "He is in a meeting" ni yuko mkutanoni. "No vacancy" ni hakuna nafasi ya kazi, hiyo utaiona imeandikwa kwenye malango. "He no longer works here" ni hafanyi kazi hapa tena. "We will write to you" ni tutakuandikia. Ukizijua hizi hutababaishwa na mlinzi yeyote.

Mpe Mama salamu zangu. Mwambie nitakuja likizo ikifunguliwa.

Ndugu yako,
Jairus


Mayoni,
21 Aprili 1996

Jairus,

Sisi wazima. Ona, nimeiandika tena, mkono umeenda wenyewe.

Jana tumekwenda. Were alimpeleka Mama kwa baiskeli saa kumi na moja alfajiri, mimi nikitembea nyuma nikiushika mguu usigonge tairi. Nilikuwa nimemwosha kidonda, nikakifunga kwa kitambaa kipya, na juu yake Mama akajifunika leso yake ya kanisani, kwa sababu alisema hawezi kumpelekea mgeni harufu. Tulikaa kwenye foleni hadi saa saba. Zamu yetu ilipokaribia, Muhonja aliitwa kwa mama aliyekuwa akijifungua. Akaniambia, "Dada, wewe si unajuanga Kiingereza? Ingia tu."

Nikaingia. Daktari ni kijana mwekundu mwenye jasho, hajala tangu asubuhi. Akasema yale yale uliyoyaandika, neno kwa neno, "How are you today?" Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu nilimwelewa. Nikajibu, "We are fine, thank you. And you?" Mama naye akasema "fine" huku akitabasamu. Akatazama kadi ya Mama, akauliza kama vidonge vya sukari vina shida. Hilo nalo nililielewa. Nikasema, "No problem."

Unajua kwetu mtu hasalimiwi akaanza kumwaga shida kama mlevi. Mgeni unamjibu uzima kwanza, unamwuliza safari, unamwacha akae. Shida inakuja yenyewe baadaye, kwa sababu yule mwingine anajua ipo, anaingoja. Hata wewe nilikuandikia hivyo, ndama kwanza, mguu baadaye. Basi nami nikakaa nikingoja aulize tena. Hakuuliza. Aliandika kwenye kadi, akanipa pakiti ya vidonge vya maumivu, akasema Kiingereza changu ni kizuri sana. Kisha akamwita anayefuata. Nikasimama. Na unajua nilisema nini mlangoni? Nilisema "Have a good day."

Tulipofika nje chini ya ukuta, Mama akanishika mkono akaniuliza, "Zipporah, huyo daktari amesema nini juu ya mguu?"

Nikarudi mbio. Mlinzi akanizuia, akaniambia kila mtu anaingianga mara moja. Nilitafuta Kiingereza cha kumpigia daktari kelele ndani, nikapata siku za wiki. Muhonja alipotoka kuzalisha ilikuwa saa kumi, na gari la daktari lilikuwa limekwenda.

Ulinifundisha adabu. Wiki nane, karatasi tatu, na hakuna mahali uliponiambia jinsi ya kusema hapana, jinsi ya kusema bado, jinsi ya kusema tazama hapa. Ungekuwa kwenye kile kiti jana, mara moja tu, haya yasingekuwepo. Ulijali ukaguzi. Kagua na hii.

Vidole vyeusi sasa ni vinne. Daktari atarudi tarehe 22 Juni. Sitaki orodha. Nakutaka wewe.

Zipporah


Mayoni,
2 Juni 1996

Jairus,

Barua hii inaletwa mkononi na Osundwa wa jirani, yule anayepeleka kuku Nairobi. Nimemwambia asimpe mtu mwingine yeyote, aulize kwa watu wa kwetu huko Kawangware hadi akuone kwa macho.

Namtuma yeye kwa sababu barua yangu ya Aprili imerudi, nami nimeitia humu uisome. Mwalimu Phineas, ambaye barua zetu hupitia shuleni kwake, aliniletea Ijumaa, bahasha ileile, na juu yake mtu amepiga mstari katika jina lako na kuandika kwa wino mwekundu. Mwalimu alitaka kunisomea. Nikamwambia aache. Nilisimama kwenye ua nikasoma mwenyewe: "No longer works here."

Nilikwenda jikoni kuhakikisha. Iko ukutani, karatasi ya tatu, mstari wa tano, kwa mwandiko wako. Hafanyi kazi hapa tena.

Halafu nikasoma mistari mingine ya karatasi ile, pole pole. Ngoja nje. Rudi kesho. Hakuna nafasi ya kazi. Tutakuandikia. Wakati ule nilishangaa, nikasema huyu ananifundisha Kiingereza cha nani? Mayoni nani anaambiwa "yuko mkutanoni"? Sasa nimejua ni cha nani.

Tangu lini, Jairus? Mama anakuombea kanisani kwa jina la kazi yako. Anasema Mungu amlinde mwanangu wa ofisini. Niliambiwa likizo zimefutwa, na kumbe wewe una likizo ya mwaka mzima. Kama huna kazi, ni nini kilichokuzuia kuja? Jembe lipo hapa, chakula kipo hapa, mama yako yupo hapa analia usiku akifikiri simsikii. Nina hasira mpaka chai inanishinda kunywa. Kukosa kazi si dhambi. Lakini umekaa huko ukituandikia uzima, na mimi nimekaa hapa nikikuandikia uzima, na mguu umeoza katikati yetu. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tumeyaficha kwa adabu nzuri.

Nijibu kwa mkono wa Osundwa. Nijibu ukweli au usijibu.

Zipporah


Kawangware,
15 Juni 1996

Dada,

Osundwa amesimama mlangoni kwangu akingoja, na amekataa kukaa. Nadhani umemwambia asikae.

Mimi si mzima.

Nilipunguzwa kazi mwaka juzi, mwezi wa Oktoba. Tulipewa barua watu kumi na wawili siku moja. Mike wa mapokezi alikubali kuniwekea barua zangu ili nyumbani msijue, na Aprili naye akaondolewa. Kwa hiyo barua yako ya Aprili, ile ya zahanati, sikuipata hadi leo ndani ya bahasha ya Osundwa. Nimeisoma mara tatu. Ile "have a good day" siwezi kuisoma tena.

Ulitaka kujua kilichonizuia. Nauli naweza kuomba kwa watu. Ni Krismasi ya mwaka ule wa kwanza. Nilifika hadi stendi nikiwa na begi, nikamwona mtu wa kwetu, wa Matungu, akaniuliza, "Jairus, uko aje, kazi iko aje?" Nikasema nzuri. Nikawaza kwamba nyumbani watu mia wataniuliza hivyo, nami nitasema nzuri mara mia, na Mama atakuwa amekaa pale akisikiliza kwa furaha. Nikageuka. Kila mwezi uliopita ulifanya kurudi kuwe kugumu zaidi. Wewe ulinivusha mto, na mimi nilikuwa nakuja mikono mitupu kukuonyesha ulichovusha.

Na maneno ya ugonjwa sikukunyima kwa sababu ya ngazi. Ukweli ni kwamba kila nilipoanza kuandika "mama yangu anaoza mguu" kwa lugha yoyote ile, kalamu ilikataa. Kuandika vijiko kulikuwa rahisi.

Haya hapa. Yasome ukienda tarehe 22. "No, we are not fine." Hapana, sisi si wazima. "My mother's foot is rotting." Mguu wa mama yangu unaoza. "Look at it now." Utazame sasa. "I will not go out." Sitatoka nje.

Sistahili kuomba msamaha, kwa hiyo sitauomba hapa.

Jairus


Mayoni,
7 Julai 1996

Jairus,

Mama amekatwa mguu. Wa kushoto, chini ya goti, Jumanne tarehe 25 Juni, katika hospitali ya misheni.

Nilikwenda na karatasi yako ndani ya kitambaa cha kichwa. Muhonja alikuwepo safari hii, alikuwa tayari kusema. Nilimwambia anyamaze kidogo. Yule kijana mwekundu akaniangalia, akanikumbuka, akacheka vizuri, akauliza "How are you today?" Kila kitu ulichoandika kilinitoka kichwani. Sikumjibu salamu. Mara ya kwanza maishani mwangu nimemwacha mtu na salamu yake hewani. Nilipiga magoti, nikafungua leso, nikafungua kitambaa, nikauinua mguu wa Mama nikauweka juu ya meza yake, juu ya kadi zake. Nikasema, "No. Look."

Akatazama. Uso wake ulibadilika. Alimwuliza Muhonja mbona hatukuja mapema, na Muhonja akanitazama mimi, akaogopa kutafsiri. Hakuna haja, nilikuwa nimeelewa. Nikamwambia Muhonja amwambie tulikuja Aprili, tukamwambia tuko wazima, na yeye akakubali bila kufunua leso. Sijui kama alitafsiri yote. Daktari aliandika barua ya hospitali papo hapo. Alisema mwezi Aprili pengine ingekuwa vidole tu.

Vidole tu, Jairus. Nagawanya kosa hilo kila siku, na halitoki sawasawa. Lako ni kubwa, wala sitalipunguza ili ulale. Langu lipo pia, kwa sababu nilikuwa na mdomo na nilijua neno la mguu, lakini nilipenda kusifiwa Kiingereza. La daktari lipo. Hata Mama na leso yake ana lake. Bado sijaacha kukukasirikia, na sijui nitaacha lini. Usiningoje niache ndipo uje.

Juzi Mama alizinduka vizuri akauliza, "Jairus yuko aje?" Nikasema mzima. Lilitoka kabla sijalizuia. Akafumba macho akasema asante Mungu. Nimemdanganya mgonjwa kitandani kwa ajili yako, na hiyo ni mara ya mwisho.

Nauli iko kwa Osundwa. Usiseme utarudisha. Miwa imekatwa mwishowe, hakuna jingine la kusema juu ya hilo. Karatasi zako nimezibandua ukutani zote isipokuwa ile ya mwisho.

Ijumaa wanamruhusu Mama kurudi nyumbani, basi njoo Jumamosi. Usilete mkate, usiazime koti la mtu. Watu watakuwa uani, waache. Pita moja kwa moja hadi kitandani. Mama atakuuliza habari kabla hujakaa, unamjua, atauliza hata akiwa na uchungu. Usimjibu nzuri. Mwambie huna kazi, mwambie tangu lini. Halafu funua blanketi, utazame.

Mkishamaliza, mtasalimiana.

Zipporah